Ratiba ya Mpira Ipo, ya Tamthilia Tutaitoa Wapi?

Watu wa mpira hapa chuoni hawana shida. Ratiba ya Ligi Kuu ikitoka, siku hiyohiyo wanajua Singida Black Stars watashuka Dar lini kucheza na Yanga, na watakutana na Simba lini. Kuchangishana nauli kunaanza miezi miwili kabla, jezi zinanunuliwa, Coaster inawekewa oda. Sisi wa kikundi cha usomaji tulipokubaliana kwamba mwaka huu na sisi tushuke pwani kuona tamthilia jukwaani, mweka hazina aliuliza swali moja tu: "Tunaenda kuona nini, tarehe ngapi?" Kikao kizima kimya. Kazi ya kutafuta jibu nikapewa mimi, na imenila wiki sita.

Kwanza niseme tulifikaje huko. Kikundi chetu kina watu 24, wengi wetu tunasoma uhasibu na ununuzi, yaani si watu wa fasihi kabisa. Tunakutana Alhamisi jioni. Muhula huu tuliamua kurudia vile vitabu vya kidato cha tatu na cha nne, safari hii bila kuogopa NECTA, na tukaanza na Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba. Kila mtu alikuwa bado ana dhamira zake kichwani: uzembe kazini, mila potofu, nafasi ya mwanamke. Tulizimwaga kama tunajibu mtihani. Kisha wawili wakasimama, wakaanza kusoma kwa sauti, mmoja Ngoswe karani wa kuhesabu watu, mwingine Mzee Mitomingi mwenye nyumba yake na wake zake. Ndani ya dakika tano watu walikuwa wanashika mbavu. Wengi wetu tunaikumbuka sensa ya 2022, tunamkumbuka karani na kishikwambi chake mlangoni, kwa hiyo Ngoswe hakuwa tena mhusika mkuu mwenye sifa nne za kukariri. Dada mmoja wa mwaka wa pili akasema, "Kumbe inachekesha! Mbona hakuna aliyetuambia?"

Tukaulizana nani amewahi kuona tamthilia ikichezwa jukwaani. Mikono miwili. Mmoja aliona Dar alipokuwa likizo kwa mama yake mdogo. Wa pili alihesabu igizo la Krismasi la kanisani kwao Kiomboi, tukabishana kama linahesabika (mimi nasema linahesabika). Waliobaki wameona maigizo ya uhamasishaji tu, yale ya kwenye gulio, gari linafika na spika, watu wanaigiza kuhusu chandarua au UKIMWI, wanagawa vipeperushi, wanaondoka. Sina ubaya nayo, na Kilio Chetu tuliyosoma shuleni ni ndugu wa karibu wa maigizo hayo. Ila yametuzoesha kuona kwamba igizo ni kitu cha bure kinachokufuata mpaka ulipo ili kikufundishe. Kupanda basi na kulipa kiingilio ili ukalifuate, hilo hatukulelewa nalo.

Sasa turudi kwenye ratiba. Nilidhani nitafungua simu, nitakuta orodha: Septemba tamthilia hii, Oktoba ile, kama majumba ya London au New York yanavyotangaza msimu mzima kabla haujaanza. Sikuikuta, kwa sababu hapa kwetu mambo hayaendi hivyo. Kinachopatikana ni tangazo la wiki moja au mbili kabla, kwenye Instagram au kwenye kundi la WhatsApp ambalo lazima uwe na mtu wa kukuingiza. Nafasi Art Space pale Mikocheni wana shughuli zao mwaka mzima. Lipo jumba dogo la maigizo la Barabara ya Haile Selassie, lakini huko mambo mengi ni kwa Kiingereza, na sisi hatusafiri kilomita 700 kwenda kusikiliza Kiingereza. Wanaojua kujitangaza mapema siku hizi ni wachekeshaji. Watu wa Cheka Tu wanajaza ukumbi kwa sababu mtu anajua wapo na watakuwapo tena. Wanafunzi wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nao hucheza kazi zao, ila mwisho wa muhula wao na sisi huku tuko kwenye UE. Nani ataacha UE akaangalie tamthilia? Ukirudi unakuta supu inakusubiri.

Nilimpigia shangazi yangu anayeishi Temeke, nikiwa nataka kujua tu kama anaweza kulaza watu wanne.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu, mnakuja kufanya nini?"

Nikamweleza. Akacheka kwanza. Kisha akaanza kunihadithia miaka ya themanini na tisini, enzi za Muungano, DDC Kibisa, Mandela, baadaye TOT. Walikuwa hawaulizi ratiba. Wikiendi ikifika unajua kundi lipi liko ukumbi upi, unakwenda na watoto mchana, unarudi usiku. Ndani ya kiingilio kimoja ulipata ngoma, sarakasi, kwaya, taarabu, na igizo ambalo mtaa mzima utalizungumza mpaka wiki ijayo. "Nyie mna simu kubwa lakini hamjui pa kwenda," akasema. Watu wanne atawalaza, lakini wasiwe wakorofi.

Maneno yake yalinisaidia kuliko wiki zote za kuperuzi, kwa sababu kulikuwa na ugomvi mdogo kwenye kikundi. Niliposema kitu pekee kinachorudi kila mwaka bila kukosa sana ni Tamasha la Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, baadhi walikunja uso. Pale ngoma ni nyingi, sarakasi nyingi, muziki mwingi, tamthilia ni sehemu tu. "Ngoma tunazo kwetu Unyaturu," alisema kaka mmoja, "mimi nataka tamthilia kamili, watu wakae, taa zizimwe." Namwelewa. Lakini huo mstari wa kutenganisha ngoma na tamthilia tumechorewa na silabasi. Nguzo Mama ya Penina Muhando ina Bi Msimulizi anayetuongoza kama tuko kwenye hadithi za jioni. Emmanuel Mbogo aliiita tamthilia yake Ngoma ya Ng'wanamalundi, na ukiisoma bila kusikia ngoma umesoma nusu. Makundi ya akina shangazi yalichanganya vyote usiku mmoja na hakuna aliyedai kurudishiwa hela.

Bagamoyo yenyewe ina sababu zake. Chuo cha Sanaa kilianzishwa pale 1981, baada ya makundi ya taifa ya sanaa kuvunjwa, na tangu 2007 kinaitwa TaSUBa. Ukumbi wao uliungua 2002 ukajengwa upya, uko jirani kabisa na bahari. Tamasha linakusanya wanafunzi wao, makundi ya mikoani na wageni kutoka nje, hivyo ukikaa siku mbili una uhakika wa kuona igizo zaidi ya moja, hata kama hujui majina yake kabla. Halafu kuna jambo ambalo mimi binafsi limenishika. Misafara ya zamani ya Tabora kwenda Bagamoyo ilikuwa inapita Ugogo, na Kilimatinde, hapo wilayani Manyoni, Wajerumani waliweka ngome. Watu wa huku walishuka Bagamoyo kwa miguu wakiwa na mizigo vichwani. Sisi tunalalamikia viti vya basi.

Nairobi nayo ilijadiliwa, msicheke. Ukipima barabara kupitia Katesh, Babati, Arusha hadi Namanga, Nairobi ni kama kilomita 600 kutoka hapa, yaani ni karibu kuliko Dar. Kule wana jumba la taifa la maonyesho lililofunguliwa 1952, likakarabatiwa na kufunguliwa tena 2015, na wikiendi nyingi kuna kitu kinachezwa. Sisi jumba la namna hiyo hatuna. Kwa mtu wa kupanga safari, Nairobi ndiyo jibu rahisi zaidi. Ila kati ya watu 24, wenye pasipoti ni watatu. Tukalifunga hilo faili, halikufutwa.

Basi ni Bagamoyo, na hapo ndipo shida ya tarehe inakuwa ya kweli. Zamani tamasha lilizoeleka Septemba. Miaka ya karibuni limekuwa likiangukia mwisho wa Oktoba au Novemba. Kila msomaji wa jarida hili anajua hali ya mfuko wa mwanafunzi mwezi huo: umerudi kutoka likizo, umelipa chumba, umesajili masomo, na bumu bado ni tetesi. Ukisubiri bumu liingie ndipo upange, tamasha limekwisha.

Hesabu tuliyoipiga kwa mtu mmoja ni hii. Basi Singida hadi Dodoma tumekadiria 12,000, kwenda na kurudi 24,000. Treni ya SGR Dodoma hadi Dar, daraja la kawaida, nauli iliyotangazwa safari zilipoanza 2024 ni 31,000, kwa hiyo 62,000. Daladala za mjini na za Makumbusho kwenda Bagamoyo, 8,000. Kulala usiku mbili Bagamoyo kwa kubanana, 20,000. Chakula siku nne, 30,000. Viingilio tumetenga 10,000. Jumla ni 154,000. Usiku wa kwanza Dar kila mtu atafute ndugu, nchi hii nani hana ndugu Dar? Tuliulizia na Coaster ya kukodi, mwenye gari akataja bei ambayo kwa kichwa ilizidi hiyo, na bado mafuta yakipanda angerudi kwetu.

Sasa 154,000 si hela ndogo. Posho ya chakula na malazi ni 10,000 kwa siku. Kwa hiyo tunamwomba mtu aache siku 15 na zaidi za kula ili akaone watu wakiigiza. Mweka hazina alilisema hivyo waziwazi kikaoni, na nilimshukuru, maana ndivyo lilivyo. Wanne wakajitoa palepale. Sikuwashawishi wabaki. Mmoja wao anamsomesha mdogo wake kwa hilohilo bumu.

Waliobaki 20 tulikubaliana hivi: elfu sita kila wiki kuanzia wiki ya kwanza ya Mei, wiki 26, inafika 156,000. Elfu mbili za juu zinabaki kwa dharura. Likizo mchango unaendelea kwa simu. Hakuna kukata tiketi ya treni wala kulipia chumba mpaka tarehe ya tamasha itangazwe rasmi, hata mtu aje na picha ya tangazo gani. Tamasha likisogezwa kwenye wiki ya mtihani wowote, kila mtu anarudishiwa chake, kamili.

Kuna mambo mawili yalitupa kazi. Dada yule aliyeshangaa kwamba Ngoswe inachekesha hana mkopo. Anajisomesha kwa kuuza mafuta ya alizeti hosteli, anayatoa kwao Ikungi. Alisema elfu sita ya taslimu kila wiki haiwezi, lakini lita moja ya mafuta anaiweza. Kikao kikakaa dakika arobaini kujadili jinsi ya kuingiza mafuta kwenye daftari la fedha (ndiyo faida ya kuwa na wahasibu watupu). Uamuzi: anakabidhi lita, mweka hazina anaiuza kwa bei ya sokoni ya wiki hiyo, pungufu au ziada inaandikwa kwa jina lake. Mpaka sasa ametoa lita tatu na ametutangulia wengine.

La pili ni mwenyekiti wetu. Yuko mwaka wa tatu, Julai anamaliza. Ndiye aliyeanzisha kikundi hiki, wakiwa watu watano chini ya mti pale nyuma ya maktaba. Oktoba atakuwa nyumbani akisubiri ajira kama wenzake wote. Tulidhani atajitoa. Wiki ya kwanza ya Mei alikuwa wa pili kulipa. Nikamuuliza, kaka, na kama hela itakuwa hamna? Akasema atapandia basi Manyoni, itapungua nauli.

Mweka hazina amekwishaandika: Manyoni hadi Dodoma, mtu mmoja, nauli ya nusu njia.

Nafasi nne zilizoachwa bado ziko wazi. Anayetaka aje Alhamisi saa kumi na moja jioni nyuma ya maktaba, na awe tayari kulipa wiki zilizopita. Kitabu tunachosoma sasa ni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, na tunatafuta mtu mwenye sauti nzito wa kusoma nafasi ya Kinjeketile, maana aliyekuwa anaisoma ameshikwa na mafua.