Reli Mbili za Pugu

Ndugu msomaji, ukifika Dar es Salaam, usiache kwenda Pugu, upande wa vilima vya Kisarawe. Huko hata kata moja huitwa Pugu Stesheni. Zimo reli mbili. Ya zamani, iliyoanzwa na Wajerumani mwaka 1905, ina upana wa milimeta 1000. Mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria wa Morogoro Juni 2024, milimeta 1435.

Labda utauliza: mbona hawakutengeneza ile ya kale tu? Treni ya kwenda kilometa 160 kwa saa haitaki kona kali. Lakini fahamu gharama yake: behewa la reli ya zamani litokalo Kigoma haliingii njia mpya, mzigo sharti ushushwe, upakiwe tena.

Ulaya wako watu wazima (msicheke!) wajengao reli za mfano mezani, ndogo mara 87 kuliko zenyewe. Huko njia ya 1435 huwa milimeta 16.5, na ya mita moja huwa 12 hivi. Basi watoto wenu wakitaka kuijenga upya Pugu yao ya mabati na vijiti, waamue upana kwanza, kisha kona. Misumari baadaye.