Jua Kuachia Kabla ya Kushika

Ninafunga vidhibiti mwendo, vile vinavyoshikilia mwendo bila mguu kukanyaga mafuta, kwenye magari ya zamani hapa Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, na karibu kila kipande ninachotumia kimetoka kwenye gari lililokwisha kufa. Fani yangu ni umeme wa magari: stata, oltaneta, taa, waya zilizoliwa na panya. Kazi ya vidhibiti mwendo waliniletea madereva wenyewe. Mtu anayeendesha kutoka hapa hadi Lusaka na kurudi, wiki baada ya wiki, hushuka garini akiburuta mguu wa kulia. Tena upande wa Zambia kuna kamera za mwendo za RTSA, wakala wa usalama barabarani, na mguu uliochoka hausomi spidomita. Faini hulipwa kwa kwacha, na tajiri mwenye gari hairudishi.

Mpaka huu una bahati yake kwa fundi wa vipuri vya mitumba. Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara, Zambia upande wa kushoto, kwa hiyo hapa yanakutana magari ya kila aina. Yaliyotoka Japani huteremshwa Dar es Salaam, yakapita Tunduma na Nakonde, Kapiri Mposhi, Chingola na Chililabombwe, karibu kilomita 2,000, yakiwa na usukani kulia. Mengi ya miaka ya 90 hayana kidhibiti mwendo. Yaliyotengenezwa kwa ajili ya nchi za Ghuba na Ulaya yana usukani kushoto, na mara nyingi kidhibiti kimo. Camry ya Ghuba ikibiringika njiani kwenda Lubumbashi, wengine hugombea milango na taa. Mimi huomba nifunguliwe boneti.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni Camry Gracia ya Japani, ya usukani kulia na injini ya 5S-FE, lita 2.2, kwa sababu Camry nyingi za usukani wa kushoto za rika lake zina injini hiyo hiyo. Kutoka kwenye gari lililokufa nachukua injini ndogo ya umeme inayovuta mafuta badala ya mguu, pamoja na kebo yake, kompyuta ya mfumo huo, kijiti cha nyuma ya usukani, na soketi zote zikiwa na mkia mrefu wa waya. Anayekata waya karibu na soketi ili kuokoa dakika mbili ananiharibia kazi, maana usukani uko upande wa pili na nitahitaji kuziunga mbali na kona, kwa solda, si kwa kusokota na kufunga utepe wa plastiki.

Ndani ya ile injini ndogo kuna klachi ya sumaku, na hapo ndipo roho ya mfumo ilipo. Naiweka mezani na kusukuma mkono wake kwa kidole: unapaswa kwenda na kurudi bila kukwama, laini kabisa. Kisha naipa klachi umeme wa betri. Sasa mkono ule haupaswi kusogea hata nikiukazania. Nakata umeme, unalegea papo hapo. Hilo la kulegea nalirudia mara nyingi kuliko lile la kushika, klachi ikiwa baridi na tena ikiwa imepata moto. Ikichelewa kuachia hata kwa kitambo kidogo, naitupa, ingawa mteja amekwisha kuilipia na mimi ndiye nitakayetafuta nyingine.

Aliyebuni kidhibiti mwendo alikuwa kipofu. Ralph Teetor, mhandisi wa Hagerstown huko Indiana, Marekani, alipoteza macho akiwa na umri wa miaka 5. Alipata hataza yake mwaka 1950, na Chrysler wakaanza kukiuza ndani ya magari yao ya mwaka 1958. Vijana ninaowafundisha nawaambia habari hiyo, kisha nawaambia wafumbe macho na kuusukuma ule mkono. Wanaufahamu haraka zaidi kwa kidole.

Kitu kimoja sikitaki cha mtumba: swichi ya breki. Swichi ya kawaida ina pini mbili, za kuwasha taa za nyuma. Ya gari lenye kidhibiti mwendo ina pini nne. Mbili ni za taa. Mbili nyingine hupitisha umeme wa ile klachi ya sumaku. Pedali ikiwa juu, hizo mbili za pili zimeshikana. Dereva akigusa breki, zinaachana na umeme unakatika hapo hapo pedalini, kompyuta ipende isipende. Hata kompyuta ikiwa imeungua, hata ikiwa bado inaamini gari linatakiwa kwenda kilomita 100 kwa saa, klachi imekwisha kulegea na mafuta yamerudi. Wapo wanaotumia swichi ya pini mbili na kuiachia kompyuta kazi yote kupitia waya wa taa za breki. Gari linatembea, mteja anafurahi, pesa inaingia. Mimi siwezi. Hapa magari yanayotembea bila taa za breki ni mengi mno. Fyuzi ikikatika, kompyuta haitajua kama mguu umekanyaga. Ndiyo maana gari likiingia tu kwangu, kabla ya bei, naangalia taa za breki.

Kwenye gari la gia za mkono kuna swichi ya pedali ya klachi pia, na hapo ndipo tunapobishana sana na wateja.

"Fundi, hiyo ya klachi achana nayo, miye nitakanyaga breki tu."

"Papa, utakanyaga klachi ubadili gia, magurudumu yaachane na injini, na kidhibiti kiendelee kuvuta mafuta. Injini italia mpaka watu wageuke."

"Sasa ni dola ngapi zaidi?"

Akisikia bei, wengine hukubali, wengine huenda kwa fundi mwingine. Siwafuati.

Kuhusu kusoma mwendo, Toyota za wakati ule zimenirahisishia. Spidomita za Kijapani zilifuata kipimo kimoja: mizunguko 637 kwa kila kilomita, na kila mzunguko hutoa mipigo minne ya umeme. Ni mipigo 2,548 kwa kilomita, iwe gari la Ghuba au la Japani, basi kompyuta ya marehemu huelewa spidomita ya aliye hai. Kijiti nacho hupimika kwa mita ya umeme kabla ya kukilipia. Waya ni mmoja, na kila kitufe kina ukinzani wake: kurudisha mwendo karibu ohmu 240, kuweka 630, kufuta 1,540. Namba zikirukaruka ninapokitikisa, ndani kuna kutu. Kama usukani una mfuko wa hewa, natoa betri na kusubiri zaidi ya dakika moja na nusu kabla ya kugusa skrubu yoyote.

Jaribio la kwanza nalifanya magurudumu yakiwa hewani, gari likikaa juu ya stendi imara, si jeki peke yake. Mfumo haushiki chini ya kilomita 40 kwa saa, kwa hiyo tunapita hapo, tunaweka mwendo, na kijana anagusa breki kwa ncha ya kiatu. Tunarudia kwa pedali ya klachi kama ipo, kwa kitufe cha kufuta, kisha kwa kuchomoa fyuzi ya taa za breki makusudi. Katika kila jaribio kebo lazima irudi mpaka mwisho wake. Barabarani tunaenda alfajiri.

Mteja nampa gari na maneno machache. Kati ya hapa na Lubumbashi asikitumie: ni kilomita 90 hivi za malori ya kathodi za shaba na ya tindikali, foleni inayoweza kuanza popote, na watu wanaolipita lori mahali pasipopitika. Mvua ikinyesha, kuanzia Novemba hadi Aprili, asikitumie kabisa, kwani gurudumu likiteleza juu ya maji kidhibiti hakina macho ya kuliona. Akitumie Zambia kwenye barabara nyoofu, au akienda Kolwezi siku ambayo njia ni tupu baada ya Likasi.

Na baada ya muda namtaka arudi anionyeshe kebo, bila malipo. Vumbi jekundu la huku huingia ndani ya ganda lake na kulisaga, na uzi mmoja uliokatika unaweza kujikunja ukazuia kebo isirudi hata klachi ikiwa imelegea. Nikiona uzi umeanza kuchomoza naitoa siku hiyo hiyo, na gari linaondoka bila kidhibiti mpaka nipate nyingine.