Rangi Isiyokauka

Kwa mjomba wangu, kazi yangu ya kwanza haikuwa kuchora. Ilikuwa kugusa. Kila asubuhi nilizipitia picha zilizoegemezwa ukutani, nikabonyeza pembe ya kila moja kwa kidole cha mwisho. "Inanata?" angeuliza bila kuinua kichwa. Ikinata, tunakunywa chai.

Tulikuwa jirani na Morogoro Stores, Oysterbay, kwenye wachoraji wa mtindo wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alianza kuchora mwaka 1968, akafariki 1972, na miaka hiyo michache ilitosha kuwaachia ndugu na wanafunzi wake riziki. Mjomba alifuata njia ileile: silingibodi, rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ya kupakia baiskeli, na tapentaini ya kuizimua. Unapaka nyuma kwanza, unangoja. Unaweka twiga, unangoja. Madoa ya twiga huja mwisho. Makopo yetu yalikuwa sita. Ukikosea, ulikuwa na dakika chache za kufuta kwa tambara. Zikikupita, kosa unaligeuza doa.

Mwaka 2012 nilinunua Kariakoo tableti ya kuchorea, ile isiyo na kioo. Mkono unachora mezani, mstari unatokea juu kwenye kompyuta. Ni kama kumlisha mtoto uji kupitia dirishani. Wiki ya kwanza kila duara langu lilikuwa yai lililokaliwa. Nikaamini hapo ndipo penye ugumu wenyewe, na nilikosea, maana baada ya mwezi mkono na jicho vilipatana, sikuuona tena ule umbali.

Matabaka, ambayo vijana wenzangu waliyalalamikia, kwangu yalikuwa mchezo. Tabaka la nyuma, tabaka la mnyama, tabaka la madoa: mjomba alikuwa ameshanifundisha, tofauti ni kwamba haya hayakuhitaji kukauka. Umeme nao ulinikatikia nikiwa na tembo wa saa nne ambaye sikumhifadhi popote. Huyo nilimlilia siku moja tu.

Rangi ndizo zilizonitia hasara. Kutoka makopo sita nikajikuta na rangi 16,777,216, na nikazitumia kama mtu aliyeachiwa duka. Nilichora bango la shule ya chekechea, bahari ya kijani-buluu inayowaka. Lilipotoka mashineni, bahari ilikuwa ya maji ya kufulia. "Kaka, mbona bahari yangu imepauka?" aliuliza mama mwenye shule. Sikuwa na jibu. Baadaye ndipo nilipoelewa kuwa kioo kinatoa mwanga, kinachanganya nyekundu, kijani na buluu zinazojiwakia zenyewe. Wino wa karatasini haujiwakii, unameza mwanga na kurudisha uliobaki. Kuna rangi ambazo karatasi haizifikii kabisa. Halafu nilikuwa nimechora kwa kipimo kidogo: ukurasa wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi unataka 2,480 kwa 3,508, mimi nilikuwa na robo ya hapo. Nilirudisha nusu ya malipo. (Mteja yuleyule ndiye aliyeona bei ni kubwa kwa kuwa "si kompyuta imechora?")

Lakini yote hayo yanafundishika. Lililonishinda ni kitufe cha kurudisha nyuma. Kontroli na Z, mstari haupo. Mwanzoni niliona ni rehema. Hakuna tapentaini, hakuna tambara. Jioni moja nilikuwa nachora mgongo wa ndege kanga, mstari ambao mjomba huuvuta kwa pumzi moja. Niliuchora, nikaufuta, nikauchora. Nilipoanza kuhesabu nilifika thelathini na kitu, na nikajua mstari wa kwanza ndio uliokuwa na uhai, nami nilikuwa nimeshaufuta. Mkono uliojua kwamba utasamehewa ulikuwa umeacha kujituma.

Na hakuna kilichonisimamisha. Rangi haikunata, kwa hiyo hakuna chai. Nilikuza picha mpaka jicho la samaki likajaa kioo kizima, nikapaka magamba ambayo hakuna binadamu atakayeyaona, ilhali mjomba alikuwa akirudi nyuma hatua kumi hadi chini ya mwembe kutazama kazi yake. Ngalawa moja nilikaa nayo miezi mitano.

Mjomba alipokuja kunisalimia nilimwonyesha ngalawa hiyo. Alivaa miwani, akasogea, akatafuta mahali pa kurudi nyuma, chumba hakikumruhusu.

"Hii umeiogopa," alisema.

"Mjomba, nimeirekebisha sana."

"Ndiyo nasema."

Alipoondoka niliing'oa herufi Z kwenye kibodi kwa bisibisi. Kilichobaki ni kijipira kilichozama. Ukitaka kurudi nyuma lazima ukitafute kwa ukucha, na kabla hujakipata mkono umeshaendelea na mstari unaofuata. Kila tabaka likikamilika nafunga faili, naenda kwa mama wa chapati kunywa chai, hata kama hakuna kinachokauka. Herufi yenyewe nimeihifadhi ndani ya kopo tupu la rangi. Shida inabaki kwenye ankara za wateja: kila nikiandika "malipo ya kazi", nasimama katikati ya neno, nachokonoa.