Skrubu Nilizobeba Kutoka Minnesota

Nilishuka Tanga na kilo mbili za skrubu kwenye begi. Miaka ya Minnesota ilikuwa imenijaza imani kwamba msumari ni ushamba, na kwamba fundi wa mama, anayenunua misumari kwa kilo na kunyoosha iliyopinda juu ya jiwe, anangoja kukombolewa.

Kazi ilikuwa fremu ya mlango wa banda la jikoni, mbao ya mkongo. Skrubu ya kwanza ilizama nusu, ikalia, kichwa kikakatika. Ya pili vivyo hivyo. Fundi alisubiri hadi ya tatu.

"Mwanangu, hii si mbao ya tenga la nyanya."

Akachukua keekee, akatoboa tundu jembamba kuliko msumari, akaipitisha ncha ya msumari kwenye sabuni ya mche, akagonga. Ukaingia bila kuipasua mbao. Tundu hilo lingeziokoa hata skrubu zangu, ila mimi nilikuwa na mashine ya betri na haraka.

Kilichoniuma ni kwamba jibu nilikuwa nimeliona kwa macho. Nyumba za mbao za Marekani, mifupa yake imeshikwa na misumari. Jirani yangu alipojenga, kutwa nzima tulisikia bunduki ya hewa ikipiga misumari ya inchi 3 na nusu. Wepesi wa kazi ni sababu moja tu. Skrubu nyingi zimepikwa kwa moto zikawa ngumu, na kitu kigumu hukatika ghafla. Msumari wa kawaida ni chuma laini: mzigo ukiusukuma ubavuni, unapinda kwanza. Mbaya kuliko zote kwa kubeba mzigo ni zile nyeusi za jipsamu. Ndizo nilizobeba mimi, sehemu kubwa, kwa sababu zilikuwa rahisi.

Lakini skrubu ina pake. Meno yake yanauma mbao, kuing'oa kwa kuivuta ni shughuli. Baraza langu la mbao kule Minnesota sakafu yake ni ya skrubu, maana theluji na jua huzifanya mbao zivimbe na kusinyaa, na msumari ungechomoza kichwa taratibu hadi ukuchane unyayo.

Kwa hiyo nyumbani Tanga sina ugomvi na misumari ya fremu. Ugomvi wangu ni na ile ya bati la paa. Mchana linapata moto, usiku linapoa, upepo wa bahari unalinyanyua, msumari unalegea, na masika yanaingia sebuleni. Skrubu ya bati, yenye mpira chini ya kichwa, ingestahimili zaidi. Nilimweleza fundi. Hakubisha, aliuliza tu nani atalipa tofauti ya bei.

Nililipia upande mmoja wa paa, unaotazama bahari. Juzi mama kanipigia: fundi alipita kuulizia skrubu zilizobaki. Za bati alizichukua zote. Nyeusi kaziacha.