Biti Moja, Sauti Kibao

Kimya kingi, nilikuwa likizo nyumbani Musoma. Nimerudi Malimbe na kukuta hosteli bado inabishana: eti Wajamaika ni wavivu, watu ishirini wanaimba juu ya biti moja halafu wanaiita albamu. Mshkaji mmoja kaenda mbali zaidi, anasema huo ni wizi.

Haya, tuanze na Diwali. Hiyo ni ridimu, yaani biti yenye jina lake, aliyoitengeneza Steven "Lenky" Marsden. Sean Paul kaimbia humo "Get Busy", ikashika namba moja Marekani mwaka 2003. Wayne Wonder kaimbia humohumo "No Letting Go". Makofi ni yaleyale, ila mmoja anakurusha, mwingine anakubembeleza. Huo uvivu uko wapi?

Chanzo chake ni saundi sistemu za Kingston, miaka ya 1950. Watu hawakuwa na hela ya bendi, basi spika zinapangwa uwanjani na santuri zinapigwa. Baadaye upande wa pili wa santuri ukawekwa ala tupu, na mwenye maiki akachana juu yake. U-Roy alitamba hivyo mwaka 1970, juu ya nyimbo ambazo wengine walishaziimba. Asiye na bendi naye akapata pa kusimama.

Sisi watu wa Mara hilo halitushangazi. Mpiga litungu wa Kikurya anarudia nyuzi zilezile, maneno yanabadilika kufuata waliokaa mbele yake. Na Desemba kwenye harusi moja Butiama, jamaa wa mziki alikuja na spika mbili na jenereta. Aliunganisha nyimbo nne za ridimu moja, hakuna aliyerudi kukaa. Hata mashangazi!

Sasa kinachoniuma. Bunda kuna dogo anapiga debe stendi, na anachana vibaya sana, yaani vizuri. Hela ya studio Mwanza hana. Anashusha ala za ridimu kwenye simu, anachana humo. Wenzake wakamwita mwizi wa biti mpaka akanyamaza. Nilipopita kupanda gari aliniambia, "Bro, nimeacha."

Nikamwambia asiache. Ila mwenye biti naye ana haki yake. Sleng Teng, ridimu iliyogeuza muziki wa Jamaika mwaka 1985 mikononi mwa King Jammy, ilitokana na mdundo uliokuwa tayari ndani ya kinanda cha Casio. Aliyeutunga ni dada wa Kijapani, Okuda Hiroko. Ulimwengu ulicheza miaka mingi bila kumjua.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kuchangia biti si wizi, kuficha jina la aliyeitengeneza ndiko kunakonuka. Dogo ajifunzie humo, ataje ridimu na mtengenezaji wake kabla ya mstari wa kwanza. Siku akitaka kuuza, amtafute mwenyewe waelewane, maana sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 haina utani.

Juzi kanitumia sauti. Sekunde tano za kwanza kataja jina la ridimu na la mtengenezaji, kisha akaitaja Bunda. Nimeirudia mara sita.

Nyie mnasemaje? Ubishi uendelee, ila dogo aachwe achane.