Rafiki, Shoga, Somo: Kumsimulia Mwenzangu Safari ya Xena na Gabrielle

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kumtaja mtu mnayependana pasipo kuzaliwa pamoja. Tuna rafiki, sahibu, mwandani, msiri, mwenzi na somo. Nasi wanawake tuna letu la ziada, shoga. Kamusi huyafasiri moja kwa jingine, kana kwamba yote ni sarafu za thamani moja. Kwa miezi minne iliyopita nimelazimika kuyatenganisha, na sababu yenyewe haikuanzia katika kamusi: nilikuwa namsimulia mwenzangu tamthilia ya televisheni ambayo hawezi tena kuiona.

Mwenzangu huyo ni mwalimu mstaafu kama mimi. Tulifahamiana chuo cha ualimu Marangu, tukapangiwa mikoa tofauti, na miaka ikatukutanisha tena katika chumba kimoja cha walimu wilayani Same, yeye akifundisha Historia, mimi Kiswahili. Sasa nyumba zetu hapa mjini zinatenganishwa na ua wa minyaa tu. Presha ya macho imemnyang'anya nuru kidogo kidogo. Madaktari wa Moshi walimweleza bila kuficha kwamba ugonjwa huu si kama mtoto wa jicho, ambao huweza kuondolewa kwa upasuaji mtu akaona tena. Matone ya dawa hulinda kilichosalia, hayarudishi kilichopotea. Leo anatambua mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu. Milima ya Upare, iliyosimama mbele ya mlango wake, anaijua kwa kumbukumbu.

Mjukuu wangu alipotuletea tamthilia nzima ya Xena: Warrior Princess katika kompyuta yake, mwenzangu ndiye aliyesema tuitazame. Neno hilohilo alilitumia: tuitazame. Mwishoni mwa miaka ya 1990 tuliwahi kuiona vipande vipande, kwa kanda za video zilizoletwa kutoka Dar es Salaam na kuazimwa nyumba hadi nyumba mpaka picha zikaanza kuchanika. Kanda za mwisho hazikutufikia kamwe. Kwa hiyo safari hii tulikuwa na deni la zaidi ya miaka ishirini.

Kwa asiyeijua, tamthilia hii ilirushwa kuanzia mwaka 1995 hadi 2001, misimu sita yenye vipindi 134. Ilipigwa picha Nyuzilandi, ingawa hadithi yake ni ya Ugiriki ya kale, yenye miungu wakorofi, majitu na majeshi. Xena, aliyeigizwa na Lucy Lawless, ni jemadari wa kike aliyewahi kuteketeza vijiji, kisha akaazimia kuitumia nguvu ileile kuwalinda wanyonge. Gabrielle, aliyeigizwa na Renee O'Connor, ni binti wa kijiji cha Potidaea anayeikimbia ndoa aliyopangiwa ili amfuate.

Mazungumzo mwenzangu aliyasikia, Kiingereza anakijua. Alichokosa ni kile kisichosemwa: nani kamtazama nani, nani kageuza uso. Hicho ndicho nilichopaswa kukitia katika Kiswahili, tena upesi, kabla tukio halijapita. Silaha ya Xena ilitushinda siku tatu. Ni duara la chuma lenye makali, hurushwa, hugonga ukuta hapa na mwamba pale, kisha humrudia mwenyewe mkononi. Nilisema "kisahani", akacheka kwamba nimemfanya jemadari mama wa jikoni. Tukakubaliana na "pete ya vita". Ukelele wake wa vita haukuhitaji mjadala. Mwenzangu alipousikia tu alisema, "Hicho ni kigelegele, Mwalimu. Huyu mwanamke anakwenda vitani kama anayekwenda harusini."

Swali gumu lilikuja usiku wa kwanza. Xena amekwisha kuzika silaha zake ardhini, akazifukua ili kuwaokoa wanakijiji, na sasa yuko peke yake kambini. Gabrielle anatokea gizani. Nikasema, "Mfuasi wake amefika." Mwenzangu akauliza, "Mfuasi? Nabii huyo? Hawa ni nani kwa mwenzake?"

Tangu hapo kila msimu ulinidai jina.

Katika msimu wa kwanza niliwaita marafiki, na neno hilo lilitosha kuliko nilivyotarajia. Rafiki tumelipata kwa Waarabu, na kwao ni mwenzi wa safari. Wana hata usemi wa kumtafuta rafiki kabla ya njia. Sisi tumelitumia mno mpaka vumbi la barabarani limelitoka. Lakini Xena na Gabrielle mwanzoni ni marafiki kwa maana ileile ya kale. Hawajuani. Mmoja anakimbia alikotoka, mwingine anajutia alikopita, na kinachowaunganisha ni kwamba wote wawili wanaelekea mbele. Mwenzangu alikumbuka basi lililotupeleka Marangu, mabinti wawili wenye masanduku ya bati, hakuna aliyemjua mwenziwe.

Msimu wa pili ulidai shoga. Kuna kipindi kimoja ambamo karibu hakuna linalotukia isipokuwa siku ya kawaida ya watu wawili wanaoishi pamoja: wanavua samaki, wanaoga, wanataniana, na wanagombana kwa sababu Xena amekitumia kikaango cha Gabrielle kupigia maadui mpaka kikaharibika. Mwenzangu alicheka hadi akaomba maji. "Hao sasa ni mashoga," alisema. Mjukuu wangu, kijana wa miaka kumi na saba, aliinamisha kichwa kwa aibu.

Naomba nisimame hapa kidogo, kwa kuwa jambo hili linanikera. Shoga ni neno la mwanamke kumwita mwanamke mwenzake wa karibu, wa kushirikiana naye chumvi na siri. Bibi zetu wa pwani walilitamka uwanjani mchana kweupe. Leo vijana wanalijua kama tusi la kumtupia mwanamume, na wanawake wengi wameliachia kwa hofu ya kuchekwa. Sikatai kwamba neno hupata maana mpya. Lugha yoyote iliyo hai ndivyo ilivyo. Ninachosikitikia ni kwamba neno moja lilipochukuliwa, hakuna lililoletwa mahali pake. Rafiki ni wa wote. Shoga lilikuwa letu, na lilikuwa na harufu ya vitunguu na udi.

Wako watazamaji, hasa huko Marekani, waliowaona Xena na Gabrielle kuwa wapenzi, na wako waliowaona marafiki tu. Watunzi wenyewe waliuacha mlango wazi. Nilimweleza mwenzangu mabishano hayo. Alifikiri, akasema kwamba anayeulizia mlango ule amekwisha kuona kwamba nyumba ipo, na nyumba ndiyo iliyomvutia yeye.

Msimu wa tatu ulinipokonya maneno yote. Binti wa Gabrielle, aliyezaliwa kwa hila ya uovu, anamuua mwana wa Xena. Wawili wale wanageukiana. Xena anamfunga Gabrielle kamba, anamburuta nyuma ya farasi hadi ukingo wa jabali, naye Gabrielle anajifungua na kumvamia. Wanaanguka wote wawili, na wanajikuta katika nchi ya ajabu ambamo watu huimba badala ya kusema. Kipindi hicho, kilichorushwa mwaka 1998, karibu chote ni nyimbo. Wanaimba ghadhabu, wanaimba huzuni, na mwishowe wanaimba msamaha. Wakati wa kuburutwa nilianza kueleza. Mwenzangu akaniwekea mkono gotini. "Hapo usiseme kitu. Nasikia kwato."

Nilijua anachokumbuka. Nasi tuliwahi kupita muhula mzima bila salamu, kwa neno lililobebwa na mtu wa tatu toka kwake hadi kwangu likiwa limekwisha kuvaa nguo nyingine. Tuliketi chumba kimoja cha walimu, meza mbili kati yetu, tukisahihisha madaftari kama wasiojuana. Siku ya kufunga shule nilikuta karatasi ya daftari ndani ya kitabu changu cha mahudhurio. Ilikuwa na beti moja kwa mwandiko wake, mwalimu wa Historia aliyekuwa akinidhihaki kwa kuhesabu mizani vidoleni:

Muhula umekatika, salamu i mlangoni,
Neno limetuzunguka, halikutoka moyoni,
Chai sasa yachemka, vikombe viko mezani,
Njoo mwenzangu haraka, kiti hakina mgeni.

Nilihesabu mizani. Ilikuwa sahihi, nane kwa nane. Nikaenda kunywa chai. Nimeinakili hapa kwa ruhusa yake, kwa kuwa wasomaji wa ukurasa huu wanajua kwamba yapo mambo ambayo watu wazima hawawezi kuyasema kwa maneno ya kawaida bila kuyaharibu tena. Wale waliomtunga Xena nadhani walilijua hilo. Ndiyo sababu wakawapeleka katika nchi ya nyimbo.

Baada ya hapo rafiki halikutosha tena, wala shoga. Nilijaribu somo. Kwa wengi wetu somo ni mtu mnayechangia jina, au mwandani wako, au mwanamke anayemfunda mwari. Na kwa mwalimu somo ni lile linaloandikwa ubaoni. Katika msimu wa nne maana hizo zinakutana. Gabrielle, aliyekuwa amejifunza kupigana kwa gongo, anafika India, anachagua njia ya kutomwaga damu, na analitupa gongo lake mtoni. Xena, aliyezoea kuamrisha, analazimika kujifunza kuuheshimu uamuzi huo. Kisha mwishoni mwa msimu uti wa mgongo wa Xena unavunjwa kwa pete yake mwenyewe ya vita, analala chini hana nguvu, na Gabrielle anaushika upanga na kuua ili amlinde. Nilimweleza mwenzangu uso wa Xena wakati ule: anamsihi asifanye, kwa macho tu. Kila mmoja amekuwa somo la mwenzake, na amelisoma mpaka linamuumiza.

Na yote hayo tunayajua kwa sababu Gabrielle ni malenga. Anaandika safari zao katika hati za kukunja, hata upo mchezo ndani ya tamthilia ambamo wanaakiolojia wa karne ya 20 wanazifukua hati hizo. Hapo mwalimu wa Historia aliamka. Alinikumbusha mbiru, kodi ya kikoloni iliyowafanya maelfu ya wanaume wa Kipare washuke hapa Same mwaka 1945 kuipinga, na wanawake wa Usangi ambao baadaye walijitokeza wenyewe kumkabili mkuu wa wilaya Mwingereza wadai waume zao warudishwe nyumbani. Profesa Isaria Kimambo aliiandika habari ya mbiru katika kitabu chake cha mwaka 1971, na mwenzangu aliifundisha kwa miaka mingi. "Lakini wale akina mama waliambiana nini njiani?" aliuliza. "Nani alimshika nani mkono pale aliporegea? Hawakuwa na Gabrielle wao."

Tuliufikia mwisho mwezi uliopita. Kipindi cha mwisho, chenye sehemu mbili, kimebeba jina ambalo ni nusu ya methali ya Kiingereza iliyo jirani na yetu ya akufaaye kwa dhiki. Xena anakufa huko Japani. Gabrielle anapata njia ya kumrudisha duniani, ana majivu yake mkononi, na Xena mwenyewe anamzuia, kwa sababu roho elfu arobaini zitapata amani ikiwa tu yeye atabaki mfu. Watazamaji wengi walikasirika mwaka 2001. Mwenzangu hakukasirika. Nilimsimulia picha ya mwisho, Gabrielle akiwa melini, pete ya vita kiunoni, na Xena kando yake kwa namna ambayo wafu huwa kando yetu. Alinyamaza, kisha akauliza kwa sauti ya darasani:

"Na huyu aliyebaki, anaitwaje?"

Nikaanza kuorodhesha. Aliyefiwa na mume ni mjane. Aliyefiwa na mke ni mgane. Aliyefiwa na wazazi ni yatima. Aliyefiwa na rafiki? Nilisema mfiwa, akalikataa, kwani mfiwa ni wa matanga, na matanga huanuliwa. Nilisema mkiwa, akasema mkiwa ni yule asiye na mtu yeyote, bali huyu binti ana mdogo wake kule kijijini, ana umri, ana kazi ya kuandika. Amepungukiwa na mmoja tu.

Sote wawili tumevuka sitini. Hatukulisema lililokuwa chumbani. Alinituma nikalete kamusi, nami nikapekua hadi taa ya mtaani ikawaka, yeye akingoja mikono ikiwa mapajani, kama mwanafunzi anayeamini kwamba mwalimu hawezi kurudi mikono mitupu. Sikulipata.

Basi ninalileta kwenu, mabibi na mabwana mnaoijua lugha hii kuliko mimi: wa Lamu na Pemba, wa Tanga na Mvita, wa bara na wa ng'ambo. Je, kwenu mwanamke aliyefiwa na shoga yake ana jina? Kama lipo katika lahaja yenu, hata kama ni la bibi mmoja wa kijiji kimoja, liandikeni na mlieleze lilivyotumika. Mwenzangu hasomi tena, lakini masikio yake ni mazima, na kila jioni saa kumi na moja navuka ua wa minyaa. Nitamsomea yote mtakayoleta.