Forodhani jioni: usimwachie mtandao mtoto wako

Jua likizama Forodhani, moshi wa mishikaki unapanda, vijana wanajitosa baharini, na karibu kila mzazi ana simu mkononi. Bustani hii, iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati wa Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, ipo Mji Mkongwe, Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Mnara mrefu wa mawasiliano ungeiharibu sura yake. Mahali kama hapa Wi-Fi ya umma husambazwa vizuri zaidi kwa vifaa vidogo vingi, vinavyoweza kufichwa hata kwenye nguzo za taa.

Hata hivyo, mawimbi yake hudhoofishwa na kuta nene za mawe na chokaa, na pia na miili yetu, ambayo sehemu kubwa ni maji. Watu wakijaa, au mtoto akikata kona kuingia kichochoroni, mawasiliano yanaweza kukatika.

Kwa hiyo mzazi, kabla ya kuagiza urojo, mwonyeshe mwanao mahali pa kukutana mkipoteana, mathalani mlango wa Ngome Kongwe. Andika namba yako kwenye karatasi, umwekee mfukoni. Kisha mle kwa raha.